Kuhasi Mbwa na Paka: Desturi Iliyochelewa Kufika Mjini

Kuhasi wanyama ni kazi ya kale kuliko miji mingi tunayoijua leo. Wafugaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakihasi madume ya ng'ombe, mbuzi na kondoo tangu enzi za mababu, ili maksai anenepe na atulie zizini na mbegu ibaki kwa fahali aliyechaguliwa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi kati ya 384 na 322 KK, aliandika kuhusu nguruwe jike waliopasuliwa wasishike mimba tena, na kuhusu ngamia jike waliofanyiwa hivyo hivyo kabla ya kupelekwa vitani. Uingereza nayo ilikuwa na mafundi waliozunguka vijijini wakipuliza baragumu kutangaza kuwa wamefika, tayari kuhasi nguruwe wa yeyote mwenye kulipa. Ujuzi ulikuwepo basi, wa dume na hata wa jike, ambaye kazi yake ni ngumu zaidi.

Mbwa na paka waliachwa nje ya desturi hiyo kwa karne nyingi, na sababu yake haikuwa ujinga. Mfugaji aliyehasi fahali alipata faida ya nyama na utulivu. Mtoto wa paka hakuwa na bei. Paka alipozaa darini au mbwa alipozaa nyuma ya ghala, ilikuwa rahisi zaidi kuwatia watoto ndani ya gunia siku ile ile, kabla hawajafumbua macho, na kulitupa mtoni. Waliobaki hai walitawanyika mitaani, wakawa mbwa koko na paka shume wasio na mwenyewe. Hawakuwa deni la mtu yeyote mpaka walipouma mtoto au kulala wamekufa njiani. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja ya kuua, kwa fedha za umma na kwa njia za kikatili, kabla miji haijakubali jambo ambalo kila mfugaji wa mbuzi alilijua: idadi ya wanyama huamuliwa wakati wa kupandwa, na mwenye kuamua ni mwenye mnyama.

Maumbile yenyewe yanaeleza kwa nini kuua hakukufaa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano, kabla hajamaliza kukua. Mayai yake hushuka baada ya kupandwa, si kabla, na kwa kuwa hupandwa mara nyingi katika joto moja, ni nadra atoke bila mimba. Uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Mimba hukaa siku 63 hadi 65, na mama anaweza kurudi kwenye joto angali ananyonyesha. Joto lake hufuata urefu wa mchana. Katika nchi za kaskazini hupumzika miezi ya baridi, lakini karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana mwaka mzima, paka wa Mombasa au Mwanza huzaa mwezi wowote. Mbwa jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, kila mara kwa muda wa wiki tatu hivi, na kuzaa watoto wanne, sita, wanane, pengine zaidi ya kumi.

Kampeni nyingi za kuhasi zimekuwa zikidai kwamba jozi moja ya paka na vizazi vyake huweza kufikisha paka 420,000 katika miaka saba. Hesabu hiyo si ya kweli, na inaharibu hoja nzuri, kwa sababu inachukulia kwamba kila mtoto anayezaliwa huishi na kuzaa. Watafiti wa North Carolina, Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 2004, walifuatilia watoto 169 wa paka wa mitaani. 127 kati yao, yaani robo tatu, walikufa au kutoweka kabla ya kutimiza miezi sita. Sababu kubwa ya vifo ilikuwa majeraha, kama ya kuumwa na mbwa au kugongwa na magari. Hilo ndilo linalotisha. Paka anayeachwa azae ovyo hajazi dunia paka. Hujaza mitaro mizoga ya watoto wake, na wale wachache wanaopona wanatosha kuendeleza mzunguko ule ule mwaka unaofuata. Kadhalika, mji unaoua nusu ya mbwa wake huwaachia nusu iliyobaki chakula kingi na nafasi, watoto wengi zaidi wakapona, na baada ya muda mfupi idadi ikarudi palepale.

Watawala wa miji hawakuliona hilo kwa muda mrefu. Bombay, mwaka 1832, serikali ya Waingereza iliamuru mbwa wa mitaani wauawe na kumlipa kila aliyeleta mzoga. Malipo yakawafanya wauaji waingie hadi kwenye viwanja vya nyumba na kuwachukua mbwa waliokuwa na wenyewe. Waparsi, ambao dini yao inampa mbwa heshima kubwa, waliinuka mwezi Juni, wakafunga maduka, na mji ukasimama mpaka askari walipoletwa. London ilijaribu njia ya kodi. Mwaka 1796 Bunge la Uingereza lilipitisha kodi ya mbwa, baada ya mbunge John Dent kuipigania kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Kodi hiyo ilisema wazi kwamba mbwa ana mwenyewe na mwenyewe ana wajibu, lakini haikugusa kuzaa. Kwa wengi ilikuwa nafuu kumfukuza mbwa kuliko kumlipia.

Mwaka 1860 Mary Tealby alianzisha makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa huko Holloway, kaskazini mwa London. Alichekwa magazetini kwamba anahurumia mbwa katika mji wenye watoto wenye njaa, naye akaendelea na kazi yake hadi alipofariki mwaka 1865. Mwaka 1871 makao hayo yalihamia Battersea, ambako yapo hadi leo, na paka walianza kupokelewa mwaka 1883. Sheria ya mwaka 1867 iliwapa polisi wa London mamlaka ya kukamata mbwa wanaozurura, na mbwa hao wakapelekwa katika makao hayo kwa maelfu. Nyumba iliyoanzishwa kwa huruma ikajikuta na kazi ya kuua. Mwaka 1884 Battersea iliweka chumba cha gesi kilichobuniwa na Dkt. Benjamin Ward Richardson, chenye hewa ya kaboni na klorofomu, ili wanyama wafe wakiwa wamelala. Kilikuwa bora kuliko rungu. Hata hivyo hakikupunguza hata uzao mmoja.

New York ndiyo inayoonyesha ukatili wa zama zile bila kificho. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kila kiangazi kilipowasha hofu ya kichaa cha mbwa, halmashauri ya jiji ililipa watu kwa kila mbwa aliyeletwa kwenye zizi lililokuwa kando ya Mto East. Vijana wa mitaani waliiba mbwa milangoni mwa watu ili wapate malipo. Mbwa asiyekombolewa na mwenyewe aliingizwa pamoja na wenzake wengi ndani ya kizimba cha chuma, kizimba kikafungwa mnyororo, winchi ikakiinua juu ya maji na kukizamisha mtoni. Kilikaa chini dakika kadhaa, kikapandishwa kikichuruzika maji, mizoga ikatolewa, na kundi jingine likaingizwa. Katika siku za joto kali kazi hiyo ilifanywa tangu asubuhi hadi jioni, mbele ya watu waliokuja kutazama.

Henry Bergh, aliyeanzisha mwaka 1866 chama cha kwanza cha kuzuia ukatili kwa wanyama nchini Marekani, ASPCA, alipinga kizimba kile kwa nguvu zake zote, lakini alikataa chama chake kichukue kazi ya jiji ya kukamata na kuua. Philadelphia ilikuwa na mtazamo mwingine. Huko Caroline Earle White na wanawake wenzake walianzisha mwaka 1869 tawi la wanawake la chama cha huko cha kuzuia ukatili kwa wanyama, lililojenga makao ya kwanza ya mbwa nchini humo na kuchukua shughuli hiyo ili ifanywe kwa utu. Bergh alifariki mwaka 1888, na mwaka 1894 chama chake kikakubali mzigo aliokuwa ameukataa, kikilipwa kutokana na ada za leseni za mbwa. Kiliubeba kwa miaka mia moja, hadi mwisho wa 1994. Kwa karne nzima chama cha huruma kikawa miongoni mwa wauaji wakubwa wa mbwa na paka duniani, na lawama haikustahili kuwa yake peke yake. Kila mnyama aliyeingia malangoni pake alikuwa amezaliwa katika nyumba au uchochoro wa mtu ambaye hakuchukua hatua mapema.

Istanbul ilichukua njia yake, na mwisho wake ulikuwa mbaya kuliko yote. Kwa karne nyingi mbwa wa mji huo waliishi kwa mitaa, kila kundi na mtaa wake. Wakazi Waislamu hawakumwingiza mbwa ndani ya nyumba, lakini walimwekea maji na makombo mlangoni. Hadithi za Mtume zilikuwa zinajulikana na kila mtu: mtu mmoja alisamehewa dhambi zake kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu, na mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Mwaka 1910 watawala wapya, waliotaka mji wao ufanane na Paris, waliamuru mbwa wakusanywe na kupelekwa Sivriada, kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Marmara kisicho na maji wala kivuli. Makumi ya maelfu ya mbwa walitupwa huko. Walikufa kwa njaa na kiu, wakalana, wengine wakazama wakijaribu kuogelea kufuata mashua zilizopita. Sauti zao zilisikika hadi mjini upepo ulipovuma upande ule. Na mbwa hawakuisha Istanbul. Vizazi vya waliobaki vilijaza mitaa upya, na mwaka 2024 serikali ya Uturuki ilikadiria kuwa nchi ina mbwa wa mitaani wapatao milioni nne.

Wakati hayo yakitendeka, njia ya kuzuia ilikuwa tayari inajengwa katika vyumba vya upasuaji. Nusu kaputi ya etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, klorofomu ikafuata Edinburgh mwaka 1847, na kuanzia 1867 Joseph Lister akafundisha jinsi ya kuua vijidudu kwenye jeraha. Kabla ya hapo kulipasua tumbo la mbwa jike kulikuwa ni kumkabidhi kwa usaha na kifo. Kufikia mwaka 1900 daktari wa mifugo Mwingereza Frederick Hobday alikuwa ameandika kitabu kizima cha upasuaji wa mbwa na paka, na alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba mnyama apewe dawa ya usingizi kama mtu anavyopewa. Lakini madaktari wa wakati ule waliishi kwa farasi na ng'ombe. Mpaka farasi walipoondolewa barabarani na magari, wachache walijishughulisha na paka.

Upasuaji wenyewe, kama unavyofanywa sasa, si mrefu. Jike hulazwa chali akiwa amelala kabisa, miguu imefungwa kwa kamba laini. Manyoya ya tumbo hunyolewa, ngozi ikasafishwa kwa dawa. Daktari hufungua mkato wa sentimita chache chini ya kitovu, huingiza kidude chembamba kilichopinda ncha, na kuvuta nje pembe moja ya mji wa mimba, ambao kwa mbwa na paka una pembe mbili ndefu zinazokutana chini. Mishipa ya damu ya ovari hufungwa kwa uzi, ovari hukatwa, upande wa pili hufanyiwa vilevile, kisha matabaka ya tumbo hushonwa moja baada ya jingine. Kwa dume kazi ni nyepesi zaidi, kwani korodani ziko nje. Daktari mzoefu humaliza paka jike kwa takriban robo saa. Mbwa mkubwa mnene huchukua muda zaidi, na jike aliye kwenye joto huwa na hatari zaidi ya kuvuja damu, ndiyo maana madaktari hupenda apelekwe kabla au baada.

Jambo dogo la sokoni lilisaidia sana upande wa paka. Mwaka 1947, huko Michigan, Edward Lowe alianza kuuza udongo mkavu wa kufyonza mkojo kwa ajili ya paka wa ndani. Kabla ya hapo paka alijisaidia nje, na huko nje ndiko alikopandwa. Sasa aliweza kuishi ndani mwaka mzima, na familia iliyolala chumba cha jirani na paka jike mwenye joto, anayelia usiku kucha, au na dume anayepiga mkojo kwenye mapazia, haikuhitaji kushawishiwa sana kumpigia simu daktari.

Lakini daktari alitoza bei kubwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walihamia kwenye nyumba zenye bustani, kila familia ikataka mbwa wake, na makao ya wanyama yakafurika. Makadirio ya miaka ya 1970 yanataja wanyama kati ya milioni 12 na milioni 20 waliouawa kila mwaka katika makao ya nchi hiyo, kwa gesi, kwa vyumba vya kunyonya hewa, baadaye kwa sindano. Mwaka 1957 Alice Herrington alianzisha New York chama cha Friends of Animals, kilichowalipia wenye kipato kidogo sehemu ya gharama za kuhasi. Los Angeles ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1971 jiji lenyewe lilifungua kliniki ya kuhasi kwa bei nafuu, ya kwanza ya aina yake nchini, na kufuatisha sheria iliyofanya leseni ya mbwa asiyehasiwa iwe ghali kuliko ya aliyehasiwa. Madaktari wengi wa kibinafsi walipinga vikali, wakisema serikali inawanyang'anya riziki. Hofu hiyo haikuwa na msingi mkubwa: waliojaa kwenye foleni ya kliniki ya jiji walikuwa hasa watu ambao hawakuwa wameingia kwa daktari yeyote, na wengi walijifunza huko kwamba mnyama anahitaji chanjo na matibabu.

Hatua zilizofuata ziliondoa visingizio kimoja baada ya kingine. Iliaminiwa kwamba jike lazima azae mara moja kwanza ndipo afunguke akili na awe na afya. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1969 ulionyesha kinyume: mbwa jike aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza alikuwa na hatari ndogo mno ya saratani ya matiti, na hatari ilipanda kwa kila joto alilopitia. Iliaminiwa pia kwamba mnyama hahasiwi kabla ya miezi sita, na kwa sababu hiyo makao yaliwatoa watoto kwa familia mpya kwa ahadi tu ya kuwarudisha baadaye. Wengi hawakurudishwa, wakazaa. Mwaka 1987 daktari Leo Lieberman alitetea katika jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kuhasi watoto wa miezi miwili, na mwaka 1993 chama hicho kikaunga mkono. Tangu hapo makao mengi hayamtoi mnyama mpaka awe amehasiwa. Televisheni nayo ilifanya sehemu yake. Bob Barker, mtangazaji wa mchezo wa The Price Is Right, aliufunga kila mchezo kwa miaka mingi, hadi alipostaafu mwaka 2007, kwa kuwaomba watazamaji wahasi mbwa na paka wao. Mwaka 2008 Los Angeles iliifanya kuwa sheria kwa wanyama wengi waliopita miezi minne.

Matokeo yanaonekana kwenye takwimu. Kwa makadirio ya ASPCA, wanyama waliouawa katika makao ya Marekani walikuwa takriban milioni 2.6 mwaka 2011 na takriban 920,000 mwaka 2019, ilhali mbwa na paka wa majumbani wameongezeka sana tangu miaka ya 1970. Kuhasi hakukufanya kazi hiyo peke yake. Watu wengi zaidi walianza kuchukua wanyama kutoka makao badala ya kununua, na chipu zinazowekwa chini ya ngozi huwarudisha waliopotea kwa wenyewe. Lakini bila kupunguza wanaozaliwa, nyumba za kuwapokea zisingetosha hata kidogo.

Paka shume wasioshikika walihitaji mbinu yao. Uingereza na Denmark zilianza katika miaka ya 1970, na Marekani ikafuata baada ya shirika la Alley Cat Allies kuundwa Washington mwaka 1990. Paka hunaswa kwa mtego wenye chakula, huhasiwa, huchanjwa, kisha hurudishwa palepale alipokamatwa, ncha ya sikio moja ikiwa imekatwa kidogo ili asikamatwe tena bure. Wapenda ndege wanalalamika kwamba paka aliyerudishwa bado anawinda, na wana haki ya kulalamika. Njia hii hufaulu pale tu ambapo karibu kundi zima limehasiwa na watu wameacha kutupa paka wapya.

India ndiyo iliyothibitisha kwamba hata nchi yenye mamilioni ya mbwa wa mitaani na bajeti ndogo inaweza. Shirika la kutetea wanyama la Blue Cross of India, lililoanzishwa Madras mwaka 1959, lilianza kuieleza halmashauri ya jiji tangu 1964 kwamba kuua mbwa kila siku hakujapunguza mbwa wala kichaa. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla jiji halijakubali, katikati ya miaka ya 1990. Jaipur, kati ya mwishoni mwa 1994 na mwishoni mwa 2002, shirika la Help in Suffering lilihasi na kuchanja karibu mbwa 25,000, hasa majike. Mbwa waliohesabiwa mitaani walipungua kwa asilimia 28, na kichaa cha mbwa kwa binadamu kikatoweka katika eneo la mradi. Shabaha ya majike ni muhimu. Dume mmoja aliyeachwa anatosha kwa mtaa mzima, kwa hiyo fedha kidogo zikipatikana jike ndiye wa kwanza.

Kamati ya wataalamu wa kichaa cha mbwa ya Shirika la Afya Duniani iliandika mwaka 1992 kwamba hakuna ushahidi kuwa kuua mbwa kumewahi kuathiri kwa kiasi kikubwa wingi wao au kuenea kwa ugonjwa. India ikaweka kanuni za kuhasi, kuchanja na kurudisha mwaka 2001. Uturuki ikatunga sheria ya namna hiyo mwaka 2004. Zote mbili zimetikiswa karibuni. Uturuki ilirekebisha sheria mwaka 2024 ili mbwa waondolewe mitaani. Mahakama ya Juu ya India iliamuru Agosti 2025 mbwa wa Delhi wakusanywe wote, kisha siku 11 baadaye ikageuza amri na kuruhusu waliohasiwa na kuchanjwa warudishwe. Hasira za walioumwa na mbwa ni za haki. Kosa liko kwa halmashauri zilizohasi mbwa wachache kila mwaka, chini ya kasi ya kuzaa, kisha zikadai njia yenyewe imeshindwa.

Kuna mfano mmoja unaorudisha mizani mahali pake. Uswidi haikuruhusu kuhasi mbwa bila sababu ya kitabibu hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na hata sasa mbwa wengi wa nchi hiyo wana viungo vyao vyote. Mitaani hakuna mbwa koko. Mbwa huko huenda na mwenyewe kwa kamba, hufungiwa akiwa kwenye joto, na husajiliwa kwa jina la mtu. Utafiti wa California wa mwaka 2013 uliongeza kwamba baadhi ya mbwa wa aina kubwa wakihasiwa wachanga sana hupata zaidi magonjwa ya viungo, hivyo umri ufaao hutofautiana kwa aina. Kisu ni chombo cha mwenye mnyama kama kamba na ua vilivyo. Pale ambapo kamba na ua havipo, kisu ndicho kinachobaki.

Afrika Mashariki iko hapo. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho leo ni KSPCA, kilianzishwa Nairobi mwaka 1910, kwanza kwa ajili ya ng'ombe waliokokota mizigo. Miaka miwili baadaye, 1912, kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata jibu la serikali, za kikoloni na za uhuru, lilikuwa risasi na nyama yenye striknini, sumu inayoua kwa mikakamao huku mnyama akiwa na fahamu. Sumu hiyo haikuchagua: iliua mbwa aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na kuwafanya wenye mbwa wawafiche maofisa walipokuja. Watafiti waliofanya kazi vijijini Tanzania na Kenya wamekuta jambo ambalo wanakijiji wanalijua, kwamba mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe. Wanalinda boma usiku na kujitafutia chakula mchana.

Mwaka 1994 virusi vya distempa, vilivyohusishwa na mbwa wa vijiji jirani, viliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, karibu theluthi moja. Chanjo za mbwa kuzunguka hifadhi zikaanzishwa kwa mpango, dhidi ya kichaa pia. Hapo uhusiano wa chanjo na kuzaa ukaonekana wazi. Kuzuia kichaa kunahitaji asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa, lakini mbwa wa vijijini huishi miaka michache na kuzaa mfululizo, kwa hiyo mwaka mmoja baada ya kampeni sehemu kubwa ya kundi ni watoto ambao hawajawahi kuona sindano. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na takriban 4 kati ya 10 ni watoto chini ya miaka 15.

Kikwazo cha kwanza cha kuhasi katika eneo hili ni gharama. Cha pili ni madaktari wachache nje ya miji mikubwa. Cha tatu huulizwa sana pwani, iwapo dini inaruhusu. Wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana tangu zamani kuhusu kuhasi wanyama. Wapo waliokataza, na wapo, hasa wa madhehebu ya Hanafi, walioruhusu pale penye manufaa. Wengi wa sasa huruhusu kwa mbwa na paka ikiwa kuna haja na mnyama hateswi. Lamu, mji unaojulikana kwa paka wake wembamba wenye miguu mirefu wanaongoja wavuvi gatini, madaktari wa mifugo wamekuwa wakihasi paka kwa awamu. KSPCA nayo huhasi wanyama kabla ya kuwatoa kwa familia mpya. Kando ya barabara za Nairobi, wakati huohuo, wachuuzi bado hubembeleza madereva kwa watoto wa mbwa waliofungwa ndani ya makapu, wengi bila chanjo, na mnunuzi hupeleka nyumbani jike ambaye kabla ya mwaka kuisha atakuwa mama.

Mwenye jike asiyetaka watoto wake ana machaguo mawili ya kweli. Anaweza kumfungia ndani kwa wiki tatu zote za joto, kila joto, maisha yake yote, jambo linalowezekana kwa mbwa mwenye ua imara na karibu lisilowezekana kwa paka. Au anaweza kumpeleka kwa daktari, paka akiwa na miezi minne au mitano, mbwa kwa umri atakaoshauriwa kulingana na aina yake. Asiyeweza kumudu bei ya kliniki binafsi aanzie kwa ofisa mifugo wa kata au wilaya. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2007, wilaya nyingi huchanja mbwa na paka bure, na daktari anayeshika sindano siku hiyo ndiye wa kuulizwa lini na wapi jike anaweza kuhasiwa.